Kugawa Diski Mpya, Mashine Ikiwa Macho

Wanangu mnaoanza kazi hii ya kulinda mashine, hebu niwaambie jambo moja kabla macho yangu hayajachoka. Diski haifi ghafla. Hukohoa kwanza. Ni kikohozi kidogo, tk, kisha kimya, kisha tk nyingine, kama mtu aliye chumba cha pili asiyetaka ujue kwamba hakulala. Mara ya kwanza nilikisikia mchana, nimepakata kofia niliyokuwa nikiidarizi, jua likipita kwenye mbao za dirisha na kuanguka sakafuni vipande vipande. Nilidhani ni mjusi. Mjusi hasemi kwa mpango namna ile.

Chumba chetu kilikuwa Kibokoni, Mombasa, chini ya nyumba ya Bwana Shee Kombo. Yeye ndiye aliyeanza kukusanya kaseti za watu wa mtaa: nyimbo za harusi za kina mama, visa vya wazee, na zaidi ya yote zile barua za sauti. Nyinyi leo mwatumiana sauti kwa simu, na kabla kikombe hakijafika chini umeshajibiwa. Sisi, watoto wetu walipokwenda Uarabuni kutafuta riziki, walijirekodi kwenye kaseti wakampa mtu anayerudi. Kaseti ikaja ndani ya sanduku la nguo, inanuka udi na sabuni, na jamaa wakajaa ukumbini kuisikiza.

Bwana Shee aliniajiri kwa sababu ya masikio yangu. Skuli niliiacha mapema, mamangu alipougua. Lakini jina la mtu likiniingia halitoki, na sauti yake vilevile. Kaseti ikipigwa, nami hukaa kando niseme ni nani anayenena. "Huyo ni Mwanahamisi wa Kuze," nitasema. "Si Mwanahamisi binti Mbwana. Yule akicheka huvuta pumzi." Bwana Shee akaandika. Nilifanya hivyo miaka mingi mpaka ikawa nikienda nyumbani kulala, nalala na watu chungu nzima wakizungumza.

Kisha kaseti zikaanza kuoza. Chumvi ya hewa yetu mwaijua. Sauti zote zikahamishiwa kwenye kompyuta moja kubwa iliyowekwa pembeni juu ya meza ya mvule, nayo haikuwa ikizimwa, mchana wala usiku. Ilivuma. Ukikaa nayo sana mvumo ule waingia mwilini, husikii tena, kama usivyosikia damu yako.

Fundi wake alikuwa Mutua, kijana wa Kikamba aliyekuwa akifanya kazi Mbaraki, akija kwetu akitoka kazini. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa salamu yetu, "Wambaje?" yaani wasemaje. Akanitazama kwa adabu, akajibu, "Sijasema kitu, Mama." Bwana Shee alicheka mpaka akakohoa. Kijana mwenyewe hakununa. Tangu hapo kila akiingia husema yeye kwanza, "Wambaje, Mama Rukia?" na kuitamka kama Mmvita aliyezaliwa mbali kidogo.

Mutua ndiye aliyenifundisha. Aliniambia kompyuta ile inaendeshwa na Linux, na kwamba Linux haipendi kubembelezwa kwa picha, yataka maneno. Neno la kwanza alilonipa ni lsblk. Nikamwuliza, "Na irabu zake mmezipeleka wapi?" Akasema ndivyo lilivyo. Ukiliandika, mashine hukuonyesha diski ilizo nazo na vyumba vilivyomo ndani ya kila diski. Nikayahifadhi maneno yake kama tulivyohifadhi Kurani chuoni, kwa kuyarudia huku nikitikisika. Mutua akanikataza. "Kuhifadhi peke yake hakutoshi, Mama. Soma mashine inakujibu nini. Mtu akisema peke yake bila kusikiza jibu, hayo si mazungumzo." Nayo ni kweli, nimeona vijana wengi wakibandika maneno kumi mfululizo na la tatu lilishakataliwa.

Sasa sikizeni habari ya diski zenyewe. Ndani ya mashine mlikuwa na mbili, zimeandikwa sawasawa. Kila kinachoingia kwenye hii chaingia na kwenye ile, ili moja ikifa nyingine iendelee na watu wasijue hata kwamba pana msiba. Mutua alikuwa akinieleza kwa maneno marefu, nikamkatiza.

"Wake wenza."

"Ati?"

"Ni wake wenza hawa. Bwana Athmani wa mtaa wa nyuma anao Time na Saida. Akimnunulia Time samaki, Saida naye apate samaki, tena wa urefu ule ule, ama usiku halali mtu."

Mutua aliweka bisibisi chini ili acheke vizuri. Basi diski ya kushoto ikawa Time, ya kulia ikawa Saida. Habari zikamfikia Saida mwenyewe, akanisimamisha uchochoroni, mikono kiunoni. "Rukia, nasikia niko ndani ya mashine pamoja na yule mwanamke. Hata humo?"

Aliyekuwa akikohoa mchana ule ni Saida, Saida wa diski. Nilimpigia Mutua simu, na kabla hajaja diski ikanyamaza kabisa. Mashine ikaendelea kuvuma kama kwamba hapana kitu. Ndiyo raha ya kuwa na wawili. Lakini tulipoketi kuitazama, tukasikia upande wa kushoto: tk.

"Time naye," nikasema.

Mutua akakuna shingo. Diski zile zilinunuliwa pamoja, zikaanza kazi pamoja. Ukiona mmoja ameanguka, usijidanganye kwamba mwenzake ni kijana.

Nikamwambia, "Zima basi, uitengeneze ikiwa imetulia."

"Hapana, Mama. Diski iliyozunguka miaka bila kusimama ni kama mzee mwenye goti bovu. Akiwa njiani atafika. Ukimkalisha, hainuki tena." Kwa hivyo diski mpya itabidi iingie mashine ikiwa macho, ikatiwe vyumba mashine ikiwa macho, na sauti zihamie humo huku Time akikohoa.

Hapo lazima mumjue Bi Khola. Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe, Swaleh, alikwenda Maskati kuendesha malori, akafia barabarani huko na akazikwa huko huko. Mamake hakumwona. Alichobaki nacho ni kaseti moja, barua ya sauti, na kaseti hiyo tulipokuwa tukiihamisha ilicheza mpaka mwisho kisha utepe ukakatika vipande, umeoza. Sauti ya Swaleh duniani ilikuwa pahali pamoja tu, ndani ya mashine ile. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Bi Khola alikuja, akavaa vile vya masikioni, akafumba macho. Kisha akasema ahsante akaenda zake. Hatukuwahi kumwambia kwamba diski hufa. Tungemwambiaje?

Mutua alileta diski aliyopewa na mwenzake wa kazini, nzima lakini imeshatumika kwingine. Siku aliyoileta ikasadifu Alhamisi. Tumeshafungua mlango mdogo wa mbele wa mashine, hodi, huyo Bi Khola.

"Mwafanyani?" akasema, akiwa bado mlangoni na buibui lake.

Nikamwangalia Mutua, Mutua akaangalia sakafu. Nikaona uongo hautafaa. Nikamwambia, "Khola, diski moja imekufa, na ya pili yaugua. Swaleh yumo kwenye hiyo inayougua. Twataka kumhamisha."

Hakulia. Alivua viatu, akaingia, akaketi mkekani mkabala wa mashine. "Nitakaa," akasema. "Hamtanitoa."

"Nani akutoe?"

Sasa kazi. Kwanza waiambia mashine kwamba Saida amekufa, iache kumngoja. Ukimchomoa tu bila kuaga, itabaki ikimshika jina. Neno la kazi hiyo ni mdadm, nalo halina irabu za kutosha pia. Kisha wamchomoa marehemu polepole. Wakati huo hakikisheni mara tatu kwamba ni yeye, maana mkimchomoa aliye hai kwa kumdhania maiti, basi mmeua nyumba nzima.

Kisha mgeni aingia. Na hapa vijana wengi huteleza. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa jina la bibi aliyefariki, kwa hivyo mtu hutarajia diski mpya nayo itapewa ile herufi ambayo mashine ilimwitia marehemu. Mashine haina desturi hiyo. Time alikuwa a, Saida alikuwa b, nami nikakaa nikingoja b. Mgeni akatokea c. Tena akatokea na vyumba vyake alivyokuja navyo kutoka alikokuwa, ukitazama haraka kwenye kioo cha kompyuta waona diski mbili zilizojaa vyumba, zalingana ukubwa, hujui yupi mwenyeji yupi mgeni.

Bi Khola akauliza kutoka mkekani, "Yupi ana mwanangu?"

Mutua alikuwa ameshaweka vidole kwenye kibodi. Akavitoa. Akamgeukia. "Ngoja nikuhakikishie, Mama," akasema, kwa upole kabisa.

Kwetu mtu haulizwi jina moja akaachwa. Ukisema Fatma, utaulizwa Fatma wa nani, wa mtaa gani, mamake ni nani, maana kina Fatma wamejaa Mombasa. Herufi za diski ni kina Fatma. Ukoo wa diski ni ile nambari ndefu iliyoandikwa kwenye karatasi mgongoni, nayo haibadiliki hata ukiihamishia mashine gani. Mutua alinifundisha niisome kabla ya diski kuingia, nami nilikuwa nimeisoma. Basi yeye akaiuliza mashine ukoo wa kila diski, akawa anasoma kiooni, nami namwitikia kutoka kichwani, kama watu wawili wanaosoma khitma wakisahihishana.

"Inaishia sita, mbili, na?"

"Na saba. Huyo ni mgeni."

"Basi huyu mwengine ndiye Time."

"Ndiye. Huyo usimguse."

Halafu akaniambia kisa chake, mikono ingali mapajani. Ofisi aliyofanyia kazi zamani, aliwahi kunakili mpangilio kinyume, kutoka diski tupu kuja kwenye iliyojaa. Mashine ilimwonya: diski hii yatumika. Yeye akiwa na njaa, akailazimisha. "Ilinitii, Mama. Ndiyo kitu kibaya. Ilinitii." Nawaambia nanyi: mashine ikikwambia kitu chatumika, huo ni msaada, si ujeuri. Ondoka, kanywe maji, rudi usome tena.

Mpangilio wenyewe ni rahisi ukishajua yupi ni yupi. Huna haja ya kupima vyumba upya. Kuna neno, sfdisk, lachukua ramani ya vyumba kutoka diski ya zamani na kuipiga kwenye mpya, kama mshona kofia anavyopiga muhuri wa maua kwenye kitambaa kitupu kabla ya sindano kuingia. Kitambaa bado hakina kazi, lakini kila ua lishajua pake. Tukapata vyumba vitatu kwa mgeni: ukumbi, ambamo mashine yenyewe huishi, uwani, pahali pa kuwekea vitu mikono ikijaa, na chumba cha ndani, kikubwa, cha sauti. Majina hayo niliyatia mimi. Mutua alikuwa na yake yenye mikwaju, ile alama ya mshazari, ndani.

Vyumba vikawa tayari, vitupu, safi. Mutua akajiandaa kuhamisha. Chumba huhamishwa kimoja, kikiisha kingine.

"Tuanze na ukumbi," akasema, "maana ukumbi ukipotea mashine haitaamka."

Bi Khola akainua kichwa. "Baba, nyumba ikishika moto, wewe hutoa viti vya ukumbini kwanza?"

"La."

"Mtoto amelala wapi?"

Mutua alifuta alichoandika, herufi kwa herufi, akaandika upya chumba cha ndani. Akabonyeza. "Mashine nitaweza kuijenga nyingine," akaniambia mimi, kama anayejieleza.

Tukakaa. Hapana kazi ndefu kama kungojea diski inakili. Kuna mstari kiooni hujaa polepole na asilimia kando yake, na ukiutazama hautembei. Lazima uangalie pengine, uzubae, kisha urudi. Mimi nilizubaa. Mwanga wa dirishani ulipanda ukutani. Nilikuwa nikijua kwamba katika waya mle, wakati ule, watu wote wa mtaa walikuwa wakihama nyumba kimya kimya, waliokufa na walio hai, na mabibi harusi ambao sasa ni bibi za watu, na Mwanahamisi wote wawili. Wakipita mmoja mmoja mlango mwembamba, wamebeba maneno yao. Niliwaona, wallahi, au nilikuwa nimesinzia.

Tk, akasema Time.

Bi Khola akatia mkono juu ya meza ya mvule, si juu ya mashine, mezani tu, kama mtu anayeshika kitanda cha mgonjwa.

Kisha stima ikapotea.

Feni ikazunguka ikalegea. Kioo kikabaki, mashine ikabaki, na betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia kama kifaranga. Betri ile haikuwa na pumzi ndefu, ilikuwa ya kumpa mtu muda wa kuzima kwa heshima. Nasi kuzima hatuwezi.

"Zima kioo," Mutua akasema.

"Tutaonaje?"

"Haihitaji sisi tuone, Mama. Kioo kinakula. Zima kila kitu isipokuwa mashine."

Nikazima kioo, nikachomoa na taa ndogo. Tukabaki watatu kwenye giza lile la chini ya nyumba, lisilo giza kamili, tukiisikiza. Kitu cha kuogofya ni kwamba hujui. Nikajikuta naihesabia mashine pumzi. Mutua midomo yamwenda, sikujua kama ni sala au nambari. Bi Khola peke yake alikuwa ametulia, akamwambia kijana, "Ata wasiwasi, baba, uache kabisa. Ulilolifanya umelifanya." Kikohozi kikaja, kikaja tena, kikaribiana. Kifaranga kikawa kinalia bila kupumzika.

Stima iliporudi, majirani walishangilia kama watu wanavyoshangilia siku zote. Mutua aliwasha kioo. Kikachukua muda wake kuamka, vioo havijui haraka ya mtu. Mstari wa chumba cha ndani ulikuwa umejaa mpaka mwisho.

"Wote," nikasema.

"Wote," akasema Mutua.

Ukumbi ukaanza kufuata wenyewe, na haukufika mbali. Time alikohoa mara moja zaidi, kikohozi kizito, kisha ule mvumo niliokuwa nimeacha kuusikia miaka yote ukabadilika, nikausikia. Kioo kikaganda. Mashine ile haikuamka tena, na hatukuilaumu. Tuliwachomoa wote, tukamfunga mgeni kwenye kitambaa, Mutua akaondoka naye kifuani akipita Ndia Kuu kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

Siku chache baadaye alirudi na mashine nyingine, ndani yake mgeni yule na mwenzake mpya kabisa, wameshanakiliana. Na nakala ya tatu Mutua akaiweka kazini kwake Mbaraki, mbali na hizi mbili, maana wake wenza wakikaa nyumba moja na nyumba ikaungua, usawa wao haumsaidii mtu. Hilo mlifanye. Mimi nimeshastaafu, siwezi kuja kuwafokea.

Bi Khola akaja. Nikamnyoshea vile vya masikioni, akavisukuma.

"Yumo?" akauliza.

"Yumo."

"Yumo hata nikenda zangu?"

Mutua akamwambia, "Hata ukienda, Mama. Yuko pahali patatu."

Akasimama kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alikuja kutaka nini. Mimi miaka yote nilidhani huja kusikiza. Kumbe alikuwa akija kuangalia kama hajaondoka. Akaketi mkekani, akaegemea mto, akasema, "Mpigeni basi kwa sauti, nanyi msikie."

Mutua akamfungulia Swaleh, sauti ikajaa chumba. Kijana alikuwa na sauti nzuri, yenye kicheko nyuma yake. Alianza kwa salamu, kama walivyoanza wote. Alimsalimu Bi Mize wa mkabala, akamsalimu Kassimu mshona viatu na watoto wake kwa majina, akawauliza wale waliokuwa wagonjwa. Nami najua kila mmoja na alikoishia. Nilipogeuka nimwonyeshe Bi Khola jinsi alivyomtania Kassimu, nilimkuta amelala. Usingizi hasa, mdomo wazi kidogo, kiganja cha mkono kimefunguka juu ya mkeka.

Mutua akaninyoshea kidole kwenye kitufe: nizime? Nikatikisa kichwa.

Barua zile zilikuwa na desturi yao. Mwenye kutuma alikuwa akiuliza jambo, kisha ananyamaza kidogo, utepe unazunguka bure, ili waliokaa huku wapate nafasi ya kumjibu. Na watu waliijibu, kwa sauti, kaseti ile.

Swaleh akamaliza majirani. Akavuta pumzi. "Mama," akasema, "wanisikia?" Akanyamaza.

Chumba kikanyamaza pamoja naye. Bi Khola hakutukutika.

Nikamjibu mimi, taratibu, nisimwamshe. "Amelala, mwanangu. Muate alale."

Akangoja kidogo tena, kisha akaendelea na habari zake.